Mwongozo kamili: kufika hekalu la Nachi na maporomoko yake bila kurudi mikono mitupu

Wadau, maswali ni yaleyale kila msimu. Mtu yuko Japani, Osaka au Nagoya, kimasomo ama kikazi, kaona ile picha ya pagoda nyekundu (mnara wa Kibudha wa ghorofa) na maji marefu yanashuka nyuma yake, Jumamosi anaamka anadandia treni, jioni analalamika kwamba kafika kituo cha Nachi hakuna kitu, au kafika juu mlangoni wanafunga, au treni yake imeishia njiani, Shirahama, na yeye hakujua. Wengine wamefika vizuri tu ila wakapiga makofi ndani ya hekalu la Kibudha watu wakageuka kuwaangalia.

Mlima wenyewe sio mgumu, hata mtu ambaye hafanyi mazoezi anapanda. Kinachowaangusha watu ni ratiba ya treni na basi, na mpangilio wa nini uanze nacho. Historia nitaigusa pale tu inapokusaidia kujua ufanye nini, tuingie kazini.

## Tunazungumzia wapi hasa

Mji unaitwa Nachikatsuura, mkoa wa Wakayama, kusini mashariki mwa rasi ya Kii. Juu mlimani kuna hekalu la Kibudha la Seiganto-ji, na ubavuni mwake, hatua chache tu, kuna jumba la ibada la Shinto, dini ya asili ya Wajapani, linaloitwa Kumano Nachi Taisha. Chini kidogo ya hapo ndo kuna maporomoko, urefu mita 133, upana wa pale juu kama mita 13. UNESCO waliliingiza eneo hili kwenye urithi wa dunia mwaka 2004 pamoja na njia za mahujaji za milima ya Kii.

## Vitu vya kuandaa kwanza

Andaa hivi kabla hata hujakata tiketi:

- Hela taslimu. Ukiacha treni na malazi, kuwa na kama yeni 10,000 mfukoni, na nyingi ziwe noti za 1,000 na sarafu za 100. Kwenye vimlango vya kulipia juu kule kadi usiitegemee. Toa hela Osaka au Nagoya kabisa, ATM za 7-Eleven na za posta zinakubali kadi nyingi za nje.
- Raba zenye soli inayoshika. Mawe ya njia yana kuvu na ukungu, yakilowa yanateleza kama sabuni. Sendo na viatu vya kuchuchumia acha hotelini.
- Koti la mvua jepesi. Rasi ya Kii ni moja ya sehemu zenye mvua nyingi sana Japani. Mwavuli upo sawa ukiwa umesimama, ila kwenye ngazi nyembamba na watu wanashuka unakuwa kero.
- Begi dogo la mgongoni. Sanduku la magurudumu usilipandishe mlimani, tutaona pa kuliacha.
- Taulo dogo la mkono. Vyoo vingi vya Japani havina kitu cha kukaushia mikono, na pale pa kunawa kabla ya ibada utalihitaji.
- Maji na kitu cha kutafuna.
- Simu yenye chaji na pawabenki, ramani umeshaidownlodi. Na hifadhi hizi herufi kama picha: 紀伊勝浦 (Kii-Katsuura), 大門坂 (Daimonzaka), 那智山 (Nachisan), 新宮 (Shingu), 白浜 (Shirahama). Sio lazima uzisome, unazilinganisha tu na ubao.
- Daftari la mihuri ya mahekalu, kama unapenda kumbukumbu. Linauzwa hukohuko pia.

Kwa wanaotoka nyumbani: sisi Watanzania na jirani zetu Wakenya tunahitaji viza, na ndege ya moja kwa moja hakuna, wengi wanapitia Dubai au Doha. Ukipata ya kutua uwanja wa Kansai umepona, maana huna haja ya kuingia Osaka mjini. Panda treni ya JR (kampuni kubwa ya reli) mpaka Hineno, treni nyingi za kwenda kusini zinasimama pale.

## Hatua ya 1: Chagua siku, usichague tu wikiendi

Miezi rahisi ni Machi mwishoni hadi Mei mwanzoni, halafu Oktoba mwishoni na Novemba. Joto la Julai na Agosti kwa mtu wa Dar unaweza kusema nimezoea, lakini unyevu wa ule msitu na ngazi mia kadhaa ni habari nyingine, utalowa jasho kabla hujafika nusu.

Agosti hadi Oktoba ni msimu wa vimbunga. Sio utani, Septemba 2011 kimbunga kilileta mafuriko na maporomoko ya udongo Nachikatsuura, watu walikufa. Kwahiyo siku mbili kabla ya safari angalia utabiri, na ukiona JR wametangaza kusimamisha treni za pwani usiende kubahatisha, ahirisha. Reli inapita kando ya bahari kabisa.

Mvua ya kawaida lakini isikutishe. Siku moja baada ya mvua ndo maporomoko yanakuwa na maji ya kutosha, yananguruma mpaka unasikia ukiwa bado kwenye miti. Baada ya wiki kadhaa za ukame unakuta uzi mwembamba, na watu wanakata tamaa bure wakidhani picha zilidanganya.

Tarehe moja ya kuijua: 14 Julai, sikukuu ya moto ya Nachi. Wanaume waliovaa nyeupe wanabeba mienge mikubwa 12, kila mmoja una kama kilo 50, wanapanda na kushuka nayo kwenye ngazi za maporomoko kusafisha njia kwa ajili ya madhabahu 12 marefu ya kubebwa, yaliyopambwa kwa pepeo za mkono. Ni kitu cha kuona kweli, ila kama hujakata chumba miezi kabla na huwezi kusimama kwenye umati masaa, epuka siku hiyo.

Umefanikiwa hatua hii kama: una tarehe ya kati ya wiki, utabiri hauna kimbunga, na una usiku mmoja wa ziada kama akiba.

## Hatua ya 2: Lala Katsuura. Tena nasema, lala Katsuura

Hapa ndo wengi wanafeli. Kutoka Shin-Osaka hadi Kii-Katsuura, stesheni ya huo mji wa chini ya mlima, ni karibu masaa manne kwa treni ya haraka, kwenda tu. Piga hesabu: umeondoka asubuhi, umefika mchana, umesubiri basi, umepanda mlima, tayari ni saa tisa na wao wanaanza kufunga. Afu ukumbuke treni ya haraka ya mwisho ya kurudi sio ya usiku kama za mjini. Kwenda na kurudi siku moja inawezekana kwenye karatasi, ila utakachokiona ni dirisha la treni.

Mpango unaofanya kazi ni huu: siku ya kwanza safiri taratibu, fika Katsuura jioni, kula, lala. Siku ya pili panda basi la asubuhi, maliza mlima kabla ya saa saba au nane mchana, rudi zako.

Tafuta chumba karibu na stesheni ya Kii-Katsuura au bandarini, ni mji mdogo unatembea kwa miguu. Usikate chumba Shirahama kwa sababu tu kuna hoteli nyingi, ile ni zaidi ya saa nzima kwa treni ya haraka na unarudi palepale kwenye tatizo la ratiba. Shingu inafaa kama Katsuura pamejaa.

Hoteli nyingi za hapa zina bafu la maji ya moto ya asili, onsen. Kule ndani ni uchi kabisa, wanaume kwao wanawake kwao, unaoga kwanza kwenye vibomba pembeni ndo unaingia kwenye maji. Kama una tatuu uliza kabla. Kama hutaki kuoga na watu, na wengi wetu hatutaki, tafuta hoteli yenye bafu la faragha la kukodi kwa muda, yapo.

Umefanikiwa kama: kesho yake asubuhi unaweza kutoka kitandani na kuwa stendi ndani ya dakika 15.

## Hatua ya 3: Panda treni sahihi, na isiwe inayoishia njiani

Ukitoka Osaka treni inaitwa Kuroshio, inaanzia Shin-Osaka au Kyoto, inapita Tennoji. Tatizo ni moja: nyingi zinaishia Shirahama. Zinazofika Kii-Katsuura ni zile zilizoandikwa mwisho wake Shingu, 新宮, na kwa siku ni chache. Kwahiyo usiende stesheni ukasema nitapanda yoyote itakayokuja. Tafuta kwanza saa za zile za Shingu, kata tiketi yenye siti namba kabisa. Nauli andaa kama yeni 7,000 kwa upande mmoja.

Omba siti ya upande wa kulia ukienda kusini. Bahari iko upande huo sehemu kubwa ya njia baada ya Wakayama, na karibu na Kushimoto mawe yanatoka majini utadhani mtu kayapanga. Upande wa kushoto unaangalia ukuta wa mlima masaa manne.

Ukitoka Nagoya treni inaitwa Nanki, nayo muda wake unakaribia masaa manne. Ukiwa na JR Pass (pasi ya watalii ya treni za JR) jua kwamba kuna kipande cha katikati ni cha kampuni nyingine, reli ya Ise, kondakta atapita kudai nyongeza. Hajakuibia.

Ukitoka Tokyo na una haraka, kuna ndege ya Haneda kwenda uwanja wa Nanki-Shirahama, halafu unamalizia kwa treni.

Kuhusu pasi: JR Pass ya nchi nzima ya siku 7 ilipanda hadi yeni 50,000 Oktoba 2023, kwa safari hii peke yake ni hasara. JR West wana pasi ya siku 5 inaitwa Kansai WIDE, inafika mpaka Shingu, hiyo inalipa. Ila soma vizuri: ni ya mgeni mwenye viza fupi ya kutembea tu. Ndugu zangu wanafunzi na wafanyakazi wenye kadi ya ukaazi haiwahusu, msiinunue mkaenda kubishana kaunta.

Onyo: usishuke stesheni inayoitwa Nachi. Ramani ya simu ukiandika Nachi inakupeleka pale. Ni kistesheni kidogo pwani, mbele kidogo ya Katsuura, treni ya haraka hata haisimami, na mlima uko kilomita kadhaa kutoka hapo. Kama umeshashuka usilie, basi la mlimani linapitia hapo, na karibu yake kuna hekalu dogo la Fudarakusan-ji ambako zamani watawa walikuwa wanafungiwa ndani ya boti na kusukumwa baharini kwenda kuitafuta pepo ya Kannon, mtakatifu wa huruma wa Kibudha. Nakala ya hiyo boti ipo pale, inasisimua mwili.

Umefanikiwa kama: ubao wa stesheni unasoma 紀伊勝浦 na nje unanusa samaki.

## Hatua ya 4: Weka mzigo, panda basi

Begi kubwa acha hotelini, hata kama muda wa kuingia chumbani haujafika au umeshatoka, wanakutunzia kwa heshima zote. Ikishindikana kuna makabati ya kufungia kwa sarafu stesheni, ni machache, hivyo wahi.

Stendi ya mabasi iko mbele ya stesheni. Tafuta lililoandikwa 那智山. Lipo pia la Shingu linalopita pwani, usichanganye. Kwa saa unapata moja au mawili, kwahiyo ukiwa stendi piga picha ratiba ya kurudi palepale, hiyo picha itakuokoa mchana. Uliza kama kuna tiketi ya kwenda na kurudi, inapunguza kidogo.

Namna ya kulipa basi za mikoani Japani, maana hapa watu wanakwama na foleni inasimama: ukiingia unachukua kikaratasi chenye namba kwenye kimashine mlangoni. Mbele juu ya dereva kuna skrini inaonyesha namba na nauli, ya kwako inapanda kadri mnavyokwenda. Ukishuka unatupia kikaratasi na hela kamili kwenye boksi la dereva. Huna chenji? Mashine iko hapohapo, inavunja noti ya 1,000, ya 10,000 hapana. Fanya hivyo basi likiwa limesimama taa nyekundu, usisubiri mlangoni.

Panda la mapema, saa mbili asubuhi hivi. Mabasi ya watalii yanaanza kumwaga watu kuanzia saa nne.

## Hatua ya 5: Shuka Daimonzaka, panda kwa miguu

Basi linasimama vituo vitatu muhimu. Cha kwanza, kama dakika 20, ni Daimonzaka, chini ya njia ya zamani. Halafu Nachi no Taki-mae, mbele ya maporomoko. Mwisho Nachisan, juu kabisa. Wengi wanashuka kwenye maporomoko kwa sababu ndo walichokuja kuona, wanapiga picha, kisha wanatazama ngazi za kupanda hekaluni wanaghairi. Wanarudi bila kuona hekalu.

Wewe shuka Daimonzaka. Sababu: unapanda ukiwa na nguvu za asubuhi, unafika hekaluni, afu maporomoko yanakuwa njia ya kushukia. Miguu inakushukuru.

Kutoka kituoni fuata alama utembee kidogo barabarani, utapita geti la torii na kidaraja, halafu utakutana na miti miwili mikubwa ya sugi imesimama huku na huku kama nguzo za mlango. Wanaiita mume na mke, umri wake unatajwa kama miaka 800. Hapo ndo ngazi za mawe zinaanza, 267, chini ya miti mirefu kiasi kwamba hata saa nne asubuhi kuna giza fulani hivi.

Panda taratibu, kama nusu saa inatosha. Mawe hayalingani, mengine yamebonyea katikati kwa miguu ya mahujaji wa karne na karne, kwahiyo kanyaga pembeni mwa jiwe pakavu, sio katikati palipojaa maji na kuvu. Ukitaka kupiga picha simama kwanza. Usipige huku unatembea, hapo ndo watu wanavunja viwiko.

Kuna kibanda cha chai njiani wanakodisha mavazi ya kizamani ya mahujaji wa enzi ya Heian na ile kofia yenye shela. Mie naona ni kujitesa kupanda mlima na gauni, ila kina dada wakitoka na zile picha, aisee, siwezi kubisha.

Kama una mzee, mtoto mdogo au goti bovu: pitiliza na basi mpaka Nachisan, au chukua teksi, ipo barabara ya kulipia inayokufikisha karibu na hekalu. Hakuna aibu.

Umefanikiwa kama: umetokea juu kwenye barabara yenye maduka ya zawadi, unahema lakini hujakasirika.

## Hatua ya 6: Ngazi za mwisho, kisha hekalu

Kwenye maduka usisimame sana. Mbele yako kuna ngazi nyingine, 467 mpaka juu. Hizi ni za sawasawa, zina sehemu za kupumzika. Panda kidogo simama, panda kidogo simama, hakuna anayekukimbiza.

Karibu na juu njia inagawanyika, upande mmoja Taisha yenye majengo mekundu, upande mwingine Seiganto-ji ya mbao zilizokolea weusi. Zamani vilikuwa kitu kimoja, serikali ya Meiji ikatenganisha Ubudha na Shinto mwaka 1868. Nakutajia hili kwa sababu adabu zinabadilika ndani ya hatua chache, na watu wanaaibika hapo.

Kwenye Taisha, upande wa Shinto: nawa kwanza, mkono wa kushoto, wa kulia, halafu mimina maji kiganja cha kushoto usukutue, teme pembeni sio ndani ya beseni. Mbele ya jumba unatupia sarafu, unainama mara mbili, unapiga makofi mawili, unainama tena mara moja.

Kwenye Seiganto-ji, upande wa Kibudha: hakuna makofi. Unaunganisha viganja kimya, unainama kidogo, basi. Ukitaka unawasha kijiti cha ubani, usikizime kwa kupuliza, kipepee kwa mkono. Jengo hili kuu lilijengwa upya 1590 na Toyotomi Hideyoshi, mtawala wa Japani wakati huo, na ile kengele bapa kubwa inayoning'inia ndani aliitoa yeye. Ndo hekalu namba moja kwenye hija ya mahekalu 33 ya Kannon ya magharibi, kwahiyo utaona watu wenye fulana nyeupe na fimbo wakianzia safari hapa. Wapishe.

Kamera ndani ya jumba kuu weka mfukoni, hata kama hujaona alama.

Sasa lile swali ninaloulizwa na Waislamu na walokole wenzao: je lazima niabudu? Hapana. Hakuna anayekulazimisha kuinama wala kutupa sarafu, wageni wengi wanasimama pembeni wanaangalia na hakuna anayewasema. Vua kofia, punguza sauti, usikae katikati ya njia ya anayesali, utaheshimika. Sehemu ya kuswalia Kiislamu huku hakuna, na mchana utakuwa njiani, hivyo pangilia mapema, msafiri ana ruhusa yake ya kuchanganya.

Mihuri: dirishani unatoa daftari limefunguliwa ukurasa unaotaka, unalipa, mtawa anakuandikia kwa brashi. Hekalu na Taisha kila mmoja ana wake, na kule chini kwenye maporomoko wana mwingine. Bei kawaida ni kati ya yeni 300 na 500. Daftari ni la mihuri tu, usipeleke kijitabu cha noti za shule.

Ukiwa Taisha angalia mti mkubwa wa mkafuri uwanjani, una uwazi shinani na kwa ada ndogo unapita ndani yake unatokea juu. Mtu mwenye mwili mkubwa apime kwanza kwa macho.

## Hatua ya 7: Ile picha

Picha mnayoitaka, pagoda nyekundu mbele na maporomoko nyuma, haipigwi ukiwa kwenye pagoda. Watu wanalipa, wanapanda juu, wanashangaa pagoda haimo kwenye picha. Piga kutoka uwanja wa nyuma wa Seiganto-ji kabla ya kushuka, na nyingine kwenye njia ukiwa unashuka kuelekea pagoda, pale inapokuja karibu.

Pagoda yenyewe ya ghorofa tatu ni ya 1972, zege, ya zamani iliungua. Kuingia ni karibu yeni 300, ina lifti, juu unaona maporomoko usawa wa macho. Kama hela imebana iruke, utaona vizuri zaidi chini. Mwenye mama yake na miguu imechoka alipie.

## Hatua ya 8: Maporomoko

Kutoka pagoda fuata njia ya kushuka, unatokea barabarani kwenye torii ya mawe. Ingia, shuka ngazi pana kati ya miti. Hapa panaitwa Hiro-jinja, na utajikuta unatafuta jengo la ibada hulioni. Halipo. Maporomoko yenyewe ndo yanayoabudiwa. Angalia pale juu kabisa maji yanapoanzia, utaona kamba ya majani ya mpunga imevutwa kutoka upande hadi upande, alama ya kwamba pale ni patakatifu. Inabadilishwa mara mbili kwa mwaka, Julai na Desemba, watu wanapanda juu kule wakiwa na mavazi meupe.

Uwanja wa mbele ni bure. Lipia kama yeni 300 uingie jukwaa la karibu zaidi. Hii ndo hela moja ya mlima mzima ambayo siwezi kukushauri ubane, kwa sababu ukiwa pale manyunyu yanakugusa usoni na sauti inakuingia kifuani. Njiani kuna maji yanatoka kinywani mwa sanamu ya joka, wanaamini yanaongeza umri, unanunua kikombe kidogo cheupe unakunywa na kikombe unaondoka nacho. Anayeona haimfai kiimani apite tu. Funika simu, lenzi inajaa matone haraka.

Jukwaa linafungwa kama saa kumi na nusu jioni na wanasimamisha kuingiza watu kabla ya hapo, ndo maana nakupigia kelele uanze asubuhi.

Maonyo mawili, haya hayana mjadala. La kwanza, huogi. Wengi wameona video za watu wenye kanzu nyeupe wamesimama chini ya maji wanasali wanadhani ni hapa. Kwenye maporomoko haya mgeni haingii majini. Anayetaka zoezi hilo kuna sehemu zinazolifanya kwa utaratibu chini ya watawa, kwa mfano maporomoko ya Biwa kwenye mlima Takao karibu na Tokyo, unajiandikisha kabla na kufuata masharti yao.

La pili, usiruke uzio wala kupanda miamba. Julai 2012 wapandaji watatu, tena wataalamu wenye majina, walikamatwa na polisi kwa kuyapanda haya haya. Msitu wa nyuma nao umefungwa, huko ndiko kuna maporomoko mengine ya mazoezi ya watawa, sio njia ya kutembelea.

Umefanikiwa kama: nguo zimelowa manyunyu kidogo, saa haijafika saba mchana, na bado una picha ya ratiba kwenye simu.

## Hatua ya 9: Kushuka na kula

Basi la kurudi lipande kituo cha Nachi no Taki-mae, hapo nje tu ya torii, upande wa kushuka. Usipande tena mpaka Nachisan. Siku zenye watu wengi likifika hapa limeshajaa, hapo ndo utaona faida ya kutosubiri la mwisho.

Katsuura ni bandari maarufu ya jodari mbichi, asiyegandishwa. Tafuta migahawa midogo karibu na stesheni na bandari, agiza bakuli la wali na vipande vya jodari juu. Kama hauli kibichi mwambie akuchomee au akukaangie, wanafanya. Asiyetumia kileo awe makini na sosi, mchuzi mwingi wa Kijapani una mirin (kileo kitamu cha kupikia) ndani, na sosi nyingine za soya zina kileo pia, hivyo jodari wa kuchoma kwa chumvi ndo salama. Nguruwe uliza, anajificha kwenye supu za tambi.

Migahawa mingi inafunga mchana saa nane hivi mpaka jioni. Ukichelewa utakula mkate wa dukani ukiwa umezungukwa na samaki mji mzima.

Ukibakiwa na nusu siku, chukua treni ya kawaida kwenda Shingu, Kumano Hayatama Taisha, jumba jingine la Shinto, iko umbali wa kutembea kutoka stesheni. La tatu, Kumano Hongu Taisha, usiibane kwenye nusu siku hiyo, ni zaidi ya saa kwa basi kutoka Shingu na mabasi ni ya kuhesabu, ipe siku yake.